Rubani wa Takaungu na abiria wake Kamau

Sisi tunaokaa upande huu wa Diani na Ukunda tumezoea ngurumo za ndege ndogo. Zinatoka Wilson kule Nairobi, zinapita juu ya minazi, zinateremka Ukunda, na wanaoinua vichwa ni watoto peke yao. Juzi kijiweni Msambweni kijana mmoja akauliza kama hawa matajiri wanaokuja pwani na ndege zao, wakala samaki wakarudi, ni jambo la leo. Nikamwambia la, lina karibu miaka mia. Nikamtajia Denys Finch Hatton. Akacheka akasema huyo ni yule wa sinema. Ni kweli, ni yule wa sinema, lakini sinema ile imetushibisha mapenzi ikatunyima mambo mengine.

Finch Hatton alizaliwa Uingereza tarehe 24 Aprili 1887. Baba yake alikuwa lodi wa Winchilsea, na yeye alikuwa mtoto wa kiume wa pili, kwa hiyo cheo na majumba vilikuwa vya kaka yake. Alisoma Eton, kisha Oxford. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia akaja huku, wakati nchi ikiitwa Afrika Mashariki ya Mwingereza, akanunua ardhi upande wa Eldoret na kuingia biashara za hapa na pale. Hakuna iliyomkaza mahali. Wote waliomjua wanasimulia mtu mrefu, mcheshi, msomaji wa vitabu, asiyekaa.

Vita vilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini. Vita hivyo wazee wetu wa Kwale walivijua, kwani mwaka huo huo wa 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakapigana na majeshi ya Mwingereza hapa hapa Gazi. Finch Hatton alipigana mpakani, baadaye akafuatana na jenerali wake hadi Mesopotamia, yaani Iraki ya leo. Mwaka 1918 akapelekwa Misri kujifunza urubani. Mafunzo yalikuwa bado hayajafika mbali vita vikaisha, na elimu ile ikawekwa kabatini.

Ikakaa huko kwa miaka kumi na zaidi. Katika miaka hiyo alijulikana kwa kuongoza safari za uwindaji za matajiri. Mwaka 1928 alimwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane, na akamwongoza tena mwaka 1930. Akawa rafiki wa karibu wa Karen Blixen, yule Mdenmaki mwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Hapo ndipo sinema inapochukua nafasi yake, nami sitaongeza.

Kilichonivutia mimi ni kurudi kwake. Alikuwa ameshapita miaka arubaini, umri wangu mimi leo, ambao mtu akitajiwa kuanza jambo jipya husema mgongo unauma. Yeye alirudi Uingereza, akakaa tena kwenye kiti cha mwanafunzi, akapata leseni. Hakuna jeshi lililomtuma safari hii. Alitaka kuruka kwa sababu alipenda. Mwaka 1930 akanunua ndege aina ya Gipsy Moth, ya rangi ya manjano, ikaletwa kwa meli hadi bandari ya Mombasa.

Msomaji asidhani ni ndege kama hizi za Ukunda. Moth ilikuwa ya mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na mawili chini, injini moja mbele. Viti vilikuwa viwili tu, kimoja nyuma ya kingine, wazi kabisa, upepo na mvua vinakupiga usoni. Abiria hukaa mbele, rubani nyuma yake. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 130 kwa saa, kwa hiyo kutoka Nairobi kuja pwani ni zaidi ya saa tatu kwenye baridi ya juu. Redio hamna. Ukipotea unafuata reli.

Naye akaja pwani mara kwa mara, kwa kuwa alikuwa na kiwanja na nyumba Takaungu, kwenye hori, kama kilomita 50 kaskazini ya Mombasa. Watu wa Gazi hawahitaji kuelezwa Takaungu ni wapi. Mwaka 1837, Seyyid Said alipowashinda Mazrui wa Mombasa, waliobaki waligawanyika, wengine wakashika njia ya Takaungu, wengine wakaja kwetu Gazi. Ni ndugu wa tumbo moja, kivuko cha Likoni kiko katikati. Mzungu huyu alijenga mahali ambapo magofu ya misikiti na visima vya wazee yalikuwa yamekwisha mtangulia.

Hapa nina neno kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Finch Hatton aliandika kwenye magazeti ya London kuwashutumu wawindaji waliokuwa wakiwafukuza wanyama kwa magari kule Tanganyika na kuwamaliza. Alisema kweli, na alisikilizwa. Lakini ndege yake ilipofika, mojawapo ya kazi alizoiwazia ilikuwa kuwatafuta ndovu kutoka juu, ili wateja wake wajue pa kwenda. Sioni tofauti kubwa baina ya gari na ndege machoni pa ndovu.

Mwezi wa Mei 1931 akapanga safari ya pwani, kisha Voi, kuujaribu mpango huo wa ndovu. Karen Blixen aliomba aende naye. Alikubali mwanzo, kisha akageuza, akimweleza kwamba safari itakuwa ngumu, huenda wakalala porini, na atahitaji kumchukua mtumishi. Beryl Markham, ambaye wakati huo ndio kwanza ajifunze kuruka, na ambaye mwaka 1936 alikuja kuivuka Atlantiki peke yake, yeye alialikwa. Mwalimu wake, Tom Campbell Black wa kampuni ya Wilson Airways, alimshauri asiende, akabaki. Kiti cha mbele kikawa cha Kamau, mtumishi wake Mkikuyu.

Walifika pwani salama, ila katika kutua kipande cha tumbawe kiliruka kikaharibu pangaboi. Anayejua ardhi yetu hii ya mawe ya bahari chini ya mchanga hatashangaa. Simu ya maandishi ikapelekwa Nairobi, pangaboi jingine likaletwa, wakaondoka kwenda Voi, wakalala huko kwa wenyeji wao.

Asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931 ndege ikapaa kutoka uwanja wa Voi. Ikazunguka mara mbili juu ya uwanja, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Finch Hatton alikuwa na miaka 44. Yeye na Kamau walikufa pale pale.

Siku hizi kanuni za urubani hazimruhusu mtu kubeba abiria kama hajapaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Aliyekaa kando muda mrefu anaanza na mwalimu, anarudia peke yake, ndipo amfungie mtu mwingine mkanda. Sisemi Finch Hatton alikufa kwa kukosa mazoezi. Alikuwa ameruka miezi mingi hapa nchini kabla ya siku hiyo. Nasema tu kanuni hiyo ina maana ambayo zamani haikuandikwa: furaha ya angani ni ya rubani, lakini hatari wanagawana wawili. Rubani alirudi angani kwa hiari yake, baada ya kufikiri, kwa fedha yake. Kamau alikuwa kazini. Wanawake wawili waliotajwa kwa kiti kile waliishi wakazeeka, wakaandika vitabu, wakasomwa dunia nzima, na kila anayewasoma hupumua akisema wameponea chupuchupu. Sijasikia mtu akipumua hivyo kwa ajili ya Kamau.

Finch Hatton alizikwa vilima vya Ngong, mahali alipopenda kukaa akitazama mbuga. Kitabu cha Blixen kilitoka mwaka 1937. Sinema ilitoka mwaka 1985, Robert Redford akiwa ndiye Finch Hatton, ikazoa tuzo saba za Oscar. Huko Tsavo Magharibi iko hoteli ya watalii yenye jina lake. Kaburini kaka yake alisimamisha mnara wa mawe wenye kibao cha shaba, na wageni huenda mpaka leo kupiga picha. Kibao kina jina moja.

Yule kijana wa kijiweni aliniuliza Kamau ni mwana wa nani. Nilimjibu kwamba vitabu vinamwita Kamau tu.