John Tenniel: Mchoraji wa Jicho Moja

Hadithi ikipata umaarufu, sifa aghalabu humwendea mtunzi, naye mchoraji akasahaulika. Sivyo ilivyokuwa kwa John Tenniel, ambaye michoro yake haitenganiki na visa vya Alice vilivyotungwa na Lewis Carroll.

Tenniel alizaliwa London tarehe 28 Februari 1820. Babake alifundisha dansi na mchezo wa vitara. Siku moja mwaka 1840, walipokuwa wakicheza, kifuniko cha ncha ya kitara cha mzee kilichomoka, na ncha ikamdunga kijana jicho la kulia. Uoni wa jicho hilo ulipotea, lakini Tenniel alimficha babake uzito wa jeraha asije akaishi kwa majuto. Sanaa yote iliyomletea sifa aliitenda kwa jicho moja.

Michoro yake ya ngano za Aesop ya mwaka 1848 ilimfungulia mlango wa jarida la Punch, alikojiunga mwaka 1850. Huko alichora vibonzo vya kisiasa zaidi ya 2,000.

Picha 42 za kitabu cha kwanza cha Alice zilipitia mikono mingi. Tenniel alichora kwenye karatasi, kisha akauhamishia mchoro kinyumenyume juu ya kipande cha mbao ngumu. Hapo ndugu wa Dalziel waliondoa kwa patasi ndogo kila sehemu iliyopaswa kubaki nyeupe, mistari ikasalia imeinuka ili ipokee wino. Ndiyo maana katika karamu ya chai, ambapo kofia ya mwenda wazimu ina kikaratasi cha bei, kila mstari ni wa mchoraji na mchongaji pia.

Kitabu kilipopigwa chapa mwaka 1865, Tenniel hakuridhika na ubora wa uchapishaji. Carroll alikubali nakala 2,000 ziondolewe na kazi irudiwe, japo gharama zilikuwa zake mwenyewe. Leo nakala chache mno za toleo hilo zimesalia. Katika kitabu cha pili, kilichotoka mwishoni mwa 1871, mchoraji alishauri kisa cha nyigu avaaye nywele za bandia kifutwe, na mtunzi akakifuta. Hivyo basi, mchoraji hakupamba tu matini, bali pia aliyaathiri.

Athari hiyo ilifika hata katika Kiswahili. Tafsiri ya mwaka 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ilimchora mhusika mkuu kama msichana Mwafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitoa tafsiri mpya. Kama mchongaji, mfasiri naye huikata upya kazi ya mwingine, na ustadi wake hupimwa kwa kile anachokibakiza.

Malkia Victoria alimtunuku Tenniel cheo cha Sir mwaka 1893, naye akastaafu Punch mwaka 1901. Uzeeni jicho lililosalia nalo lilififia, akawa kipofu. Alifariki tarehe 25 Februari 1914, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 94. Mwaka 1985 mbao asilia za Alice zilipatikana zikiwa zimehifadhiwa katika benki moja jijini London. Kwa kuwa vitabu vilichapwa kwa nakala za madini, mbao zenyewe hazikuchakaa, na mistari iliyoongozwa na jicho lile moja ingali bayana.