Cardano, mcheza kamari aliyeihesabu bahati

Kabla hujabeti tena, kijana mwenzangu, hebu mjue Gerolamo Cardano. Alizaliwa Pavia, Italia, mwaka wa 1501. Alisomea udaktari, lakini chama cha madaktari wa Milan kilimkatalia uanachama kwa miaka kadhaa kwa sababu alizaliwa nje ya ndoa. Basi akategemea kamari kupata riziki. Kuna wakati alitia rehani hata vito vya mkewe!

Lakini jamaa huyu hakurusha dadu tu, alizipigia hesabu. Chukua dadu mbili. Kila moja ina nyuso sita, kwa hivyo zinaweza kuanguka kwa njia 6 mara 6, yaani 36. Unataka jumla ya 7? Ziko njia sita: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kisha uzigeuze: 6 na 1, 5 na 2, 4 na 3. (Wengi husahau kugeuza, na hapo ndipo pesa zao huenda.) Na 12 je? Njia ni moja tu, 6 na 6. Ukiwekea 12 dau, una nafasi moja kati ya 36.

Hayo aliyaandika kitabuni, ingawa kamari yenyewe haikumwachia haraka. Mnamo 1560 mwanawe mkubwa alikatwa kichwa kwa kumuua mkewe kwa sumu. Cardano mwenyewe alifungwa na kanisa mwaka wa 1570, akafariki Roma 1576. Kitabu kilichapishwa 1663. Kufikia hapo, Wafaransa Pascal na Fermat walikuwa washaandikiana barua kuhusu hesabu kama hizo tangu 1654.