Mtakatifu Karoli Borromeo na Tauni ya Milano

Karoli Borromeo alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1538 katika ngome ya Arona, kando ya ziwa moja kubwa la kaskazini ya Italia. Baba yake, Gilberto, alikuwa bwana mkubwa mwenye mashamba na watumishi wengi, lakini alimcha Mungu na kuwahurumia maskini. Mama yake, Margherita, alikufa Karoli angali mtoto. Alipofika umri wa miaka 12 alipewa mapato ya abasia moja, kwani ndivyo ilivyokuwa desturi mbaya ya siku zile kwa watoto wa wakubwa. Karoli akamwambia baba yake kwamba mali ile ilikuwa ya maskini, wala haikufaa kuchanganywa na fedha za nyumba yao.

Mwisho wa mwaka 1559, ndugu wa mama yake alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Pio wa Nne. Mara akamwita Karoli aje Roma, akamfanya kardinali, naye alikuwa kijana wa miaka 21 tu, wala hajawa padri. Karoli hakutumia cheo kile kwa kustarehe. Alifanya kazi mchana na usiku, akamsaidia Papa kuumaliza Mtaguso Mkuu wa Trento mwaka 1563, kisha akasimamia kazi ya kutengeneza Katekismu iliyotolewa mwaka 1566 ili mapadri wapate kuwafundisha watu imani iliyo sawa.

Katika miaka ile kaka yake Federico alikufa ghafula. Watu wengi walidhani kwamba Karoli ataoa, ili ukoo wake usipotee. Lakini yeye alichagua upadri, na tarehe 7 Desemba 1563, sikukuu ya Mtakatifu Ambrosi, akawekwa kuwa askofu. Mji aliopewa kuuchunga ni Milano, mji uleule wa Ambrosi.

Milano ilikuwa kama kundi lisilo na mchungaji. Kwa muda wa miaka 80 hivi maaskofu wake wakuu walikaa mbali, na waamini wengi hawakujua hata sala za kila siku. Karoli aliingia mjini mwezi wa Septemba 1565. Akafungua seminari, akapanda milima kuvitembelea vijiji vilivyosahauliwa, akaeneza shule za mafundisho ya dini, ambamo wakristu wasio mapadri waliwafundisha watoto na watu wazima. Wengine walimchukia kwa sababu alikataza mambo maovu. Mwaka 1569 mtu mmoja alimpiga risasi alipokuwa akisali katika kikanisa chake, lakini Mungu akamlinda, asiumie.

Mwezi wa Agosti 1576, tauni iliingia Milano. Siku zile hapakuwa na mtu aliyejua asili ya ugonjwa huo. Miaka 300 na zaidi ilipita kabla ya wataalamu kutambua kwamba huletwa na viroboto wa panya, kama unavyojulikana hata leo katika Ituri. Watu wa Milano walijua neno moja tu: aliyemgusa mgonjwa aliweza kufa upesi. Liwali wa mji akakimbia, matajiri wengi wakamfuata. Karoli alikuwa katika mji wa Lodi. Alipopata habari, alirudi mara moja.

Washauri wake wakamwambia ajiweke mahali pa salama. Akawauliza kama askofu ana lazima ya kukaa na watu wake wakati wa tauni. Wakajibu kwamba si lazima, ila ni jambo la ukamilifu. Basi Karoli akawaambia kwamba askofu amewekwa hasa kwa ajili ya kufuata ukamilifu. Akaandika wosia wake kama mtu anayengoja kufa, akatoka kwenda kwa wagonjwa.

Nje ya kuta za mji palikuwa na nyumba kubwa ya wagonjwa wa tauni. Waliopelekwa huko walikosa chakula, walikosa nguo, walikosa hata mtu wa kuwafariji. Mapadri wengi waliogopa kuingia. Karoli alitangulia mwenyewe, na wenye moyo wakamfuata, hasa watawa Wakapuchini. Akauza vyombo vyake vya fedha, akaingia katika madeni ili kuwalisha wenye njaa. Baridi ilipokaribia, akateremsha mapazia na vitambaa vya nyumba yake, akaamuru vishonwe viwe nguo za maskini.

Mwezi wa Oktoba aliongoza maandamano matatu ya toba. Alitembea miguu mitupu, kamba shingoni kama mtu aliyehukumiwa kufa, akichukua msalaba mkubwa. Lakini ugonjwa ulizidi. Mwisho wa mwezi ule serikali ikatoa amri kwamba watu wote wabaki nyumbani kwa siku 40. Baadaye siku zile zikaongezwa. Njia zikawa tupu, makanisa yakawa tupu. Mtu aliweza kufa nyuma ya mlango wake bila jirani kujua.

Hapo ndipo hekima ya Karoli ilipoonekana. Hakuwaambia watu wavunje amri, maana alijua kwamba kujiponya na kumponya jirani ni wajibu. Wala hakukubali Eklezya itawanyike. Kwa kuwa watu hawakuweza kwenda kanisani, aliamua kwamba kanisa liwaendee watu.

Akaamuru altare zijengwe katika njia panda za mji, mahali ambapo ziliweza kuonekana kutoka nyumba nyingi. Padri alisoma Misa pale nje, na watu waliifuata wakiwa wamepiga magoti madirishani. Mgonjwa aliyeweza kuinua kichwa tu, naye aliiona hostia ilipoinuliwa.

Tena akaagiza kengele ya kanisa kuu ipigwe mara saba kila siku. Kengele ilipolia, watu wote wa mtaa walikuja madirishani na milangoni. Mmoja alianza zaburi au litania, na wenzake wa ng'ambo ya njia walimjibu. Sala ilipita kutoka nyumba hata nyumba, mpaka mji mzima ukawa kama monasteri moja. Kwa ajili hiyo Karoli alipigisha chapa vitabu vidogo vya sala, vikagawiwa nyumbani. Aliyekuwa peke yake chumbani alisikia sauti za wengine, akajua kwamba hajaachwa.

Sakramenti nazo hazikukoma. Padri aliketi nje ya mlango, naye mwenye kuungama alikuwa ndani. Komunyo ililetwa hata kizingitini. Karoli alitembea akishika fimbo ndefu, ili watu wasimkaribie sana wakaambukizwa naye. Sadaka ya fedha ilitiwa kwanza katika siki. Hivyo alikuwa na ushujaa na busara pamoja: hakuogopa kufa, lakini aliogopa kumwua mtu mwingine kwa uzembe.

Mji ulitangazwa kuwa huru mwanzoni mwa mwaka 1578. Watu kiasi cha 17,000 walikuwa wamekufa, na mapadri wengi pamoja nao. Karoli hakushikwa na ugonjwa. Mwaka 1579 aliwaandikia watu wa Milano kitabu cha kuwakumbusha wasisahau ahadi walizomtolea Mungu siku za taabu. Akaendelea na kazi yake mpaka nguvu zikamwishia. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1584, mwenye umri wa miaka 46. Papa Paulo wa Tano akamtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Novemba 1610. Sikukuu yake ni tarehe 4 Novemba, naye ni msimamizi wa makatekista.

Mkatekumeni akaaye katika kijiji cha mbali, ambako padri hufika mara chache, asidhani kwamba yuko nje ya jamaa ya Mungu. Vivyo hivyo siku za ugonjwa, milango inapofungwa na watu wanapokatazwa kupeana mikono. Saa ya sala inapofika, asali akijua kwamba wenzake nao wanasali saa ileile. Amtafute jirani aliyefungiwa ndani, amwekee maji na chakula mlangoni, amwite kwa jina lake, asimame mbali kidogo, wasali pamoja. Hivyo ndivyo watu wa Milano walivyofanya, na tauni haikuweza kuwatenga na Eklezya.