Tingatinga: maonyesho ya kichwani, kutoka Musoma mpaka Butiama



Ukilitaja neno tingatinga hapa mjini, watu wengi watafikiria lile dude la njano linalochonga barabara. Ukilitaja hilohilo kwenye maduka ya watalii Arusha au Zanzibar, utaonyeshwa picha: twiga wenye shingo ndefu, simba anayecheka, rangi zinazowaka kama khanga mpya. Lakini Tingatinga alikuwa mtu jamani. Alikuwa na mke na watoto wawili, alihangaika na vibarua kama sisi, na alikufa kwa risasi ya polisi akiwa na miaka 40 hivi.

Leo namleta Mara. Maonyesho ya sanaa tumezoea kuyasikia yako Dar tu, tena kwenye kumbi ambazo ukifika na ndala mlinzi anakuangalia mara mbili. Mimi sina ukumbi wala hela, kwa hiyo haya ni maonyesho ya kichwani. Nimeyagawa sehemu tatu: Musoma, Bunda na Butiama. Kila sehemu ina kipande cha maisha ya Edward Saidi Tingatinga. Kiingilio bure, nauli juu yako.

MUSOMA: KUTA TUPU

Tunaanzia Musoma, kwenye ukumbi wa karibu na ziwa, Mwigobero kule, ili hata wanaosubiri mitumbwi ya dagaa waingie. Ukiingia utashangaa maana kutani hakuna picha hata moja. Sijasahau kuzitundika. Huyu bwana alianza kuchora mwaka 1968, na alizaliwa 1932. Yaani miaka 36 ya maisha yake haina picha. Sasa mtu akisimulia habari za msanii kwa kuanzia siku aliyoshika brashi, ameruka karibu maisha yote.

Chini sakafuni nimeweka vitu. Cha kwanza ni jembe. Alizaliwa kwenye familia ya wakulima, kijiji cha Namochelia, siku hizi Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kusini kabisa ya nchi. Baba alikuwa Mngindo, mama Mmakua. Upande mmoja Waislamu, upande mwingine Wakristo, ndiyo maana akaitwa Edward na Saidi kwa pamoja. Shule aliipata kidogo tu.

Cha pili ni fungu la mkonge. Miaka ya 1950 vijana wengi wa kusini walienda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba. Na yeye akaenda. Waulize wazee, kazi ya mkonge haikuwa mchezo: miiba, jua, na ujira wa kuhesabiwa kwa matita uliyokata.

Cha tatu ni mkasi wa kukatia majani ya bustani. Kutoka Tanga akaingia Dar es Salaam, akapata kazi za nyumbani kwa afisa mmoja wa Kiingereza. Uhuru ulikuja 1961, wazungu wengi wa serikali ya kikoloni wakafungasha virago, na yeye akabaki mjini na mishemishe. Akashika hiki, akashika kile, na muziki pia alipiga. Leo tungesema yuko deiwaka.

Ndiyo maana nataka chumba hiki kiwe Musoma. Hapa tuna vijana kibao waliomaliza form four, wanashinda vijiweni Nyasho na Mukendo, na kila siku wanaambiwa umri unakwenda. Waingie waone mtu wa miaka 36 asiye na cheti cha sanaa, asiye na ofisi, ambaye jina lake bado halijulikani hata mtaa wa pili. Halafu wapande gari la Bunda.

BUNDA: WANYAMA

Bunda ndipo picha zinapoanza. Kwa nini Bunda? Kwa sababu ukitokea Mwanza, kabla hujafika Bunda unapita geti la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti. Wanyama aliokuwa anawachora Tingatinga, watu wa huku wanaishi nao.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Mwaka 1968 alichukua vipande vya silingi bodi, zile za kuwekea dari, vikiwa vya mraba, upande kama futi mbili. Hakuwa na rangi za wasanii, akatumia rangi ya kung'aa ya madukani, ile ya kupakia baiskeli na milango. Akachora mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao wote: chui, tembo, nyati, au ndege. Nyuma yake rangi moja tu, bila milima na bila mawingu. Mnyama anakukazia macho na wewe unamkazia.

Picha zile akazitandaza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Enzi za mkoloni Oysterbay ilikuwa uzunguni, na hata baada ya uhuru wageni wengi waliendelea kuishi huko. Wakitoka dukani na mikate yao wanakutana na chui wa rangi. Wakanunua. Kwa lugha ya leo jamaa alikuwa machinga, bidhaa chini, mteja akipita unamwita.

Mtindo aliutoa wapi? Hapo wasomi hawajakubaliana mpaka leo. Wapo wanaosema aliona picha za wachoraji wa Kikongo zilizokuwa zinauzwa Dar, akajiambia na yeye anaweza. Wapo wanaosema ni mwendelezo wa michoro ya Wamakua kwenye kuta za nyumba zao. Vyovyote iwavyo, soko lilimpokea haraka, na kampuni ya umma ya National Arts of Tanzania ikaanza kumuuzia kazi zake. Akaita ndugu na watu wa kwao waje wajifunze. Majina yao yaandikwe makubwa ukutani: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Kaspar Tedo, January Linda, Adeusi Mandu. Hawa ndio wanafunzi wa kwanza.

Kwenye ukuta wa mkabala namweka mtu mwingine, Sam Ntiro, ili mlinganishe. Ntiro alizaliwa 1923 Machame, Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, na nchi ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Picha yake iliingia jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, mwaka 1960. Alifariki 1993. Mmoja alifika kwa njia ya shule na ubalozi, mwingine kwa njia ya mkonge na baraza la duka. Muulize Mtanzania yeyote leo amtaje mchoraji mmoja. Kama atataja, nina hakika atamtaja wa barazani.

Lakini Bunda ina swali lake gumu. Tembo wa Tingatinga ni mzuri, mtulivu, anapendeza ukutani kwa mtalii. Tembo wa kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi ni yule anayeingia shambani usiku na kumaliza mahindi ya mwaka mzima. Ningependa mama mmoja mkulima asimame mbele ya picha ile aseme anaona nini. Maoni yake nitayabandika chini ya picha, saizi ileile na maelezo ya wataalamu. Kama picha ya tembo haiwezi kuvumilia macho ya mtu anayemjua tembo, basi ni pambo tu. Mimi naamini itavumilia, maana chui na nyati wake hawachekeshi. Hao wanaocheka walikuja baadaye, biashara ilipokolea.

BUTIAMA: RISASI, NA YALIYOFUATA

Tunamalizia Butiama. Pale kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, iliyofunguliwa 1999, mwaka uleule Mwalimu aliofariki. Ndani kuna zawadi alizopewa na vitu vyake. Mwalimu ndiye aliyeunda wizara ya utamaduni mwaka 1962 akitaka Watanzania tujivunie vya kwetu. Na nyumba yake ya Dar ilikuwa Msasani, jirani kabisa na Oysterbay alikotandaza picha Tingatinga.

Chumba hiki kina picha moja tu, na taa ndogo. Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa ndani ya gari na wenzake, Dar es Salaam. Polisi walidhani ni wezi wanaokimbia. Wakafyatua risasi, akafa. Hesabu mwenyewe: 1968 mpaka 1972. Miaka minne tu ndiyo aliyochora, na kwa miaka hiyo minne jina lake limekuwa jina la sanaa ya nchi nzima.

Wanafunzi wake hawakuacha. Waliendelea palepale Morogoro Stores, na 1990 wakasajili chama cha ushirika. Picha zikaongezeka mapambo: Kilimanjaro, Wamasai, vijiji, hospitali, mashetani. Mwaka 2010 ikatoka katuni ya watoto iliyotengenezwa Nairobi, Tinga Tinga Tales, ikaonyeshwa na BBC Uingereza. Dunia ikamjua chui wa Tingatinga bila kujua kwamba Tingatinga ni marehemu mwenye kaburi.

Na hapa ndipo ninapokereka wadau. Picha zake za mkono wake mwenyewe, nyingi zilisafiri ndani ya masanduku ya wageni walionunua pale dukani. Siwalaumu, walilipa. Lakini mtoto wa Butiama akitaka kumwona Tingatinga halisi, inabidi afungue kompyuta. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo. Chukua 1972, ongeza 50, unapata 2022. Muda umekwisha. Na mtindo wa kuchora haulindwi na sheria hiyo toka mwanzo, ndiyo maana kila duka lina tingatinga na hakuna anayeulizwa. Kilichobaki cha marehemu ni jina na habari zake, na hivyo vinalindwa na sisi kwa kuvisimulia sawasawa.

Kwa hiyo nikipewa ukumbi wa kweli kesho, sitaanza kwa kuagiza picha Ulaya. Nitaanza kwa kutafuta humuhumu nchini. Picha zake nyingi alizisaini kwa herufi kubwa, E. S. TINGATINGA. Kuna nyumba za wazee waliofanya kazi Dar miaka ile, na ubao wa namna hiyo unaweza kuwa umefunika tundu la dari au umesimama nyuma ya kabati. Mwenye nao asikimbilie kuuuza kwa bei ya kutupa. Aupige picha mbele na nyuma, amuulize mzee aliupataje, aandike jibu lenyewe. Na awe makini, maana saini za kughushi zipo pia.

Haya wadau, uwanja wenu. Nani mzee wake aliwahi kununua picha pale Morogoro Stores? Na wewe ukipewa ukuta mmoja Butiama, utaweka nini?