Johnson wa Liuli na Walimu wa Ufukoni



Kaburi la Arkidikoni William Percival Johnson lipo Liuli, na wengi wetu tulilelewa tukisikia habari zake kama mtu wa sala. Mwaka huu tunachangia walimu na wanafunzi wa chuo chetu cha ufundi. Kwa hiyo ningependa tumkumbuke kwa jambo lisilotajwa sana: namna alivyowashughulikia walimu.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1854 akasoma Oxford. Angeweza kwenda India kwenye utumishi wa serikali, kazi yenye mshahara mzuri na pensheni. Badala yake, mwaka 1876 akaja Zanzibar na misheni ya UMCA, chini ya Askofu Edward Steere. Alifanya kazi Masasi, kisha kwa Wayao wa Mwembe kwa Mataka, ambako alifukuzwa. Mwaka 1882 alifika ziwani na mwenzake Charles Janson, ambaye alifariki muda mfupi tu baadaye. Miaka miwili haikupita sana, Johnson akaugua macho. Jicho moja lilikufa na la pili likabaki dhaifu, lakini alirudi.

Misheni iliweka makao yake kisiwani Likoma na kufungua shule katika vijiji vya ufukoni. Kufungua shule hakukuwa kazi ngumu: miti, matete, nyasi za kuezekea, basi. Shida ilikuwa mwalimu. Wachache walikuwa wamesomea Kiungani, Zanzibar, kama Augustine Ambali, mtumwa aliyekombolewa akawa mwalimu na baadaye kasisi. Wengine walikuwa vijana wenye elimu ndogo, wameachwa peke yao, na kati yao na mwenzao wa karibu kuna maji au mlima.

Johnson alitaka meli kubwa ambayo ingekuwa pia chuo cha walimu kinachotembea. Ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, 3,481 kwa hesabu, na boila lake la tani 11 likakokotwa na mamia ya watu. Ilishushwa majini mwaka 1901, ikaitwa Chauncy Maples kwa jina la rafiki yake wa Oxford, askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Ndani yake wanafunzi wa ualimu walisoma, na meli ikapita vijijini ikishusha walimu na kuwachukua. Baadaye mafunzo hayo yalihamia nchi kavu.

Lakini meli si kitu ninachokistaajabia zaidi. Mzee yule, karibu kipofu, alishuka na kutembea kijiji hadi kijiji, akala chakula cha wenyeji, akalala kwenye majengo ya shule, akafundisha. Mimi ni mhasibu, najua mkaguzi anavyopokelewa: watu huficha kasoro. Mtu anayelala shuleni na kufundisha pamoja nawe humfichi, na yeye hahitaji kukutisha. Udhaifu wa mpango ule, kwa maoni yangu, ni kwamba ulimtegemea mno yeye mwenyewe. Alifariki Liuli Oktoba 1928. Meli iliendelea, hadi misheni ilipoiuza mwaka 1953.

Sisi huchangia mabati na saruji kwa moyo, kwa sababu hupigwa picha. Mwalimu wa useremala kupelekwa kujifunza mashine mpya, au mtu kwenda nyumbani kwa binti aliyeacha masomo muhula wa pili kuuliza kulikoni, hakupigwi picha. Ndiyo maana safari hii kamati imetenga fungu la mafunzo ya walimu na kuwafuatilia wanafunzi, mbali na la majengo. Mnaochangia fungu hilo, tafadhali hakikisheni limeandikwa kwenye stakabadhi yenu, ili mweka hazina asije akalazimika kulihamishia kwenye saruji.