Habari za Milman Parry

Wayunani wa kale walikuwa na tungo mbili ndefu, nazo zasomwa hata leo. Ya kwanza huitwa Iliad, nayo ni habari ya hasira ya Achilles katika vita vya Troya. Ya pili huitwa Odyssey, nayo ni habari ya taabu za Odysseus alipokuwa akirudi kwao. Mtungaji wake, walisema, ni Homer.

Kila asomaye tungo hizo huona jambo la ajabu. Mara nyingi shujaa hatajwi kwa jina tupu, bali hupewa na sifa yake. Achilles ni mwepesi wa miguu. Odysseus ni mwenye hila nyingi. Hector ni mwenye chapeo ing'aayo. Tena sifa hizo hazimwachi mtu hata zisipomfaa. Achilles amekaa kitako kando ya merikebu zake, amekataa kupigana, na bado huitwa mwepesi wa miguu. Na merikebu zenyewe, zilizopandishwa pwani, huitwa ziendazo mbio. Je, mtungaji alisahau? Aliyelipata jawabu ni Milman Parry.

Parry alizaliwa mwaka wa 1902 katika mji wa Oakland, jimbo la California, Marekani. Baba yake alikuwa muuza dawa. Alijifunza Kiyunani katika chuo kikuu cha Berkeley, kisha akavuka bahari pamoja na mkewe, akaenda Paris, Ufaransa. Huko alizikusanya sifa za mashujaa na miungu, akazipima moja moja kwa subira kubwa.

Kila mstari wa tungo zile una vipimo sita, kama vile shairi la Kiswahili lilivyo na mizani zake. Parry aliona kwamba nafasi iliyobaki mwishoni mwa mstari ikiwa ndefu, Odysseus huitwa mstahimilivu mtukufu. Ikiwa ya kadiri, huitwa mwenye hila nyingi. Ikiwa fupi, huitwa mtukufu tu. Achilles naye ana majina yake matatu ya vipimo vile vile. Basi sifa haikuchaguliwa kwa ajili ya tendo la saa ile, ila kwa kuwa yaenea mahali pake. Wala mtu mmoja hawezi kubuni mpango mkubwa namna hiyo peke yake. Ni kazi ya waimbaji wa vizazi vingi, walioachiana maneno kama mafundi waachianavyo vyombo vya kazi.

Mwaka wa 1928 alipewa shahada yake, akarudi Marekani, na mwaka uliofuata akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Harvard. Lakini moyo wake haukutulia. Wenye elimu walikuwa wameshindana juu ya Homer kwa zaidi ya miaka mia, na yeye alikuwa na hesabu za vitabuni tu. Akataka kuwaona kwa macho watu watungao huku wakiimba. Alikuwa amekwisha kusikia Paris ya kuwa watu wa namna hiyo wako Yugoslavia, basi akaenda huko mwaka wa 1933, akarudi tena mwaka wa 1934, akakaa zaidi ya mwaka.

Waimbaji wale waliimba habari za vita huku wakipiga gusle, chombo mfano wa zeze, chenye uzi mmoja. Parry alichukua mashine yenye sahani mbili za kuzungushwa, moja ikijaa sauti nyingine ikaanza, wimbo usikatike. Wengine walimwambia kwamba huimba wimbo ule ule neno kwa neno kila mara. Lakini alipozilinganisha sahani, hazikuwa sawa.

Aliyewashinda wote ni Avdo Međedović, mchinja nyama wa Bijelo Polje, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Siku moja Parry alimketisha asikilize wimbo asioujua, ukiimbwa na mwenziwe, wenye mistari 2,294. Ulipokwisha, Parry akamwomba auimbe yeye, na hakuwa amemwonya mbele. Avdo akauimba, nao ukawa mistari 6,313, umepambwa kwa farasi, silaha na mawazo ya mioyo ya watu. Tena alitoa kinywani mwake wimbo mwingine wa mistari 12,311, nao wazidi Odyssey kidogo. Waliosema kwamba asiyejua kuandika hawezi kutunga kazi kubwa walikosa neno.

Parry alirudi kwao mwaka wa 1935 na sahani zaidi ya 3,500. Alikuwa ameanza kitabu, akapata kurasa chache tu. Tarehe 3 Desemba mwaka ule ule, katika hoteli mjini Los Angeles, bastola iliyokuwa katika mizigo yake ilifyatuka, ikamwua. Umri wake ulikuwa miaka 33.

Sahani zake zimehifadhiwa Harvard. Mwanafunzi wake, Albert Lord, aliyesafiri naye Yugoslavia, aliishika kazi ile kwa miaka mingi, na mwaka wa 1960 akatoa kitabu chake mwenyewe juu ya waimbaji hao. Akakiita Mwimbaji wa Hadithi, jina lile lile ambalo Parry alikuwa amezipa zile kurasa zake chache.