HAYATI TOM MBOYA NA KURA ZA NAIROBI EAST

Ndugu msomaji, ukitajiwa Tom Mboya huenda kitu cha kwanza kukujia akilini ni ile barabara ya matatu na makelele katikati ya jiji, au sanamu yake iliyozinduliwa mwaka wa 2011 karibu na pale alipopigwa risasi. Mimi leo nataka nikupeleke kwingine, kwenye masanduku ya kura. Zamani kulikuwa na eneo la uwakilishi bungeni lililoitwa Nairobi East. Ukitafuta jina hilo katika orodha ya maeneo bunge 290 ya leo hulioni ng'o! Hata hivyo, naamini kwamba hapo ndipo Kenya ilipojibu swali ambalo mpaka sasa linatusumbua kila uchaguzi ukikaribia: je, mtu anaweza kumpigia kura yule asiye wa kabila lake?

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga, lakini baba yake, mzee Leonard Ndiege, alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge la mlowezi. Basi kijana huyu akakua miongoni mwa watoto wa Wakamba na Wakikuyu. Akazungumza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo chao cha nyumbani. Lugha hizo ziweke akiba, tutazihitaji mbele.

Alisoma Kabaa kule Ukambani, kisha St. Mary's Yala, halafu Mang'u. Karo ilipokuwa taabu, akaingia mwaka wa 1948 katika chuo cha Kabete kilichofundisha wakaguzi wa afya, na baadaye akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe katika kitabu chake. Siku moja alikuwa peke yake maabarani, mama mmoja wa kizungu akaingia na maziwa ya kupimwa. Mama huyo akaangaza macho huku na huku, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote mle ndani. Na Mboya amesimama pale pale mbele yake! Isitoshe, Mwafrika alifanya kazi ile ile ya mzungu kwa mshahara mdogo kuliko wake. Mboya hakurusha ngumi. Alianza kuwaunganisha wafanyakazi wenzake.

Mwaka wa 1953 serikali ya mkoloni ilikipiga marufuku chama cha KAU. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, viongozi wengi wako kizuizini, na Mwafrika hakubakiwa na pa kusemea ila vyama vya wafanyakazi. Mwaka huo huo Mboya, akiwa na umri wa miaka 23 hivi, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Mwaka wa 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye alishuka pwani akasaidia kuutatua mgomo. Kisha akaenda Oxford, Uingereza, kusoma kwa mwaka mmoja. Aliporudi mwishoni mwa 1956, akakuta uchaguzi unabisha hodi.

Sasa hebu tuutazame uchaguzi huo wa Machi 1957, maana haukuwa kama huu tunaoujua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Waafrika wa Kenya kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 tu kwa nchi nzima, na Nairobi ilipewa kimoja. Waliojiandikisha kote nchini walikuwa takriban 126,000. Tena kura hazikuwa sawa: mwenye elimu, mali au mshahara mzuri aliweza kupewa kura mbili au hata tatu, na jirani yake akabaki na moja au bila. Mkikuyu, Muembu au Mmeru hakuweza kupiga kura bila cheti cha kuonyesha kwamba ni mwaminifu kwa serikali. Kumbuka pia kwamba mwaka wa 1954 msako ulioitwa Operation Anvil ulikuwa umewazoa maelfu ya Wakikuyu kutoka Nairobi na kuwapeleka kizuizini.

Mpinzani mkubwa wa Mboya hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alikuwa Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, aliyewatetea mahakamani watu walioshtakiwa kuwa Mau Mau. Wote wawili walikuwa Waluo, kwa hivyo kabila halikuwa na la kuamua. Kodhek alikuwa na sheria, Mboya alikuwa na wafanyakazi. Mboya akashinda kwa tofauti ya kura kama mia nne hivi. Alikuwa na miaka 26.

Watu hawakukosa la kusema. Ati ameshinda kwa sababu Wakikuyu hawakuwepo. Ati siku wakirudi jijini na kupata kura, kijana wa Rusinga atajua hajui. Kusema kweli, maneno hayo yalikuwa na mantiki yake, na hakuna ambaye angeweza kuyajibu kwa hotuba. Ilibidi yangojee sanduku.

Katika miaka minne iliyofuata Mboya hakulala. Yeye na wenzake saba waliochaguliwa walikataa vyeo vya uwaziri, wakadai viti zaidi. Jijini aliunda chama cha Nairobi People's Convention Party, kwa kuwa sheria ya wakati ule iliruhusu Waafrika vyama vya wilaya tu. Nguvu ya chama hicho ilikuwa mitaa ya Waafrika upande wa mashariki, yaani Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na mingineyo. Kilitoa gazeti lake, Uhuru, na kikataka Jomo Kenyatta aachiliwe huru. Machi 1959 polisi wakawavamia viongozi wake majumbani na kuwatia mbaroni wengi. Desemba ya mwaka uliotangulia, Mboya alikuwa Accra, Ghana, akiuongoza kama mwenyekiti mkutano wa watu wa Afrika nzima. Umri miaka 28! Sisi wa kidato cha nne tukipewa kuongoza mjadala wa darasa tunatetemeka.

Halafu kukaja safari za ndege. Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege moja Nairobi kwenda kusoma vyuo vya Marekani, kwa mpango ambao Mboya aliufanya pamoja na marafiki zake wa huko. Hadi 1963 walikuwa wamekwenda karibu 800, na marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa katika kundi la 1960. (Wengi hupenda kusema kwamba baba yake Barack Obama alikuwa katika ile ndege ya kwanza. Hakuwemo. Alisafiri kivyake mwaka huo.) Walionufaika hawakuwa Waluo peke yao. Walikuwamo Wakikuyu wengi, na kwao kulikuwa na wazazi, wajomba na majirani.

Basi ikafika Februari 1961. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa mwaka uliopita, na masharti ya kupiga kura yamelegezwa: kujua kusoma na kuandika kulitosha, au kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Wakikuyu walirudi kwenye daftari, na katika Nairobi East ndio waliokuwa wengi. Dhidi ya Mboya akasimama Dkt. Munyua Waiyaki, daktari msomi, kitukuu wa Waiyaki wa Hinga, yule shujaa ambaye barabara ya Waiyaki Way inaitwa kwa jina lake. Wote wawili walikuwa wa KANU. Mboya alikuwa katibu mkuu wa chama, na bado baadhi ya wakubwa wa chama hicho hicho walimuunga mkono Waiyaki, akiwemo Oginga Odinga, ambaye ni Mluo. Unaona mambo hayo? Mluo anampigia debe Mkikuyu ili Mluo mwenzake aanguke.

Alama ya Mboya ilikuwa ndege. Mpiga kura hakuhitaji maelezo marefu. Na zile lugha tulizoziweka akiba sasa zikatumika, kwa maana mgombea huyu aliweza kuzungumza na mfanyakazi wa Murang'a au Machakos bila mkalimani, na kwenye mkutano akawaleta wote pamoja kwa Kiswahili.

Kura zikahesabiwa. Waiyaki alipata 2,668. Mboya alipata 31,407.

Zisome tena takwimu hizo pole pole. Wale waliosemekana kwamba wangemwangusha ndio waliompa ushindi. Mimi sidai kwamba ukabila haukuwepo Nairobi ya 1961. Ulikuwepo. Ila katika mitaa ile mtu alijua ni nani aliyemtetea kazini na ni nani aliyempeleka mtoto wa jirani ng'ambo, akaona hilo ni zito kuliko jina la ukoo.

Mwaka wa 1963 maeneo yaligawanywa upya na Mboya akachaguliwa Nairobi Central. Akawa Waziri wa Sheria na Katiba, kisha Waziri wa Mipango ya Uchumi. Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaompenda hulipitia haraka. Mwaka wa 1966 Odinga alipovuliwa madaraka katika KANU kwenye mkutano wa Limuru, fundi wa mipango alikuwa Mboya. Na wabunge waliohamia chama kipya cha KPU walibadilishiwa katiba upesi upesi, wakalazimishwa kurudi kwa wapiga kura. Yule aliyejengwa na sanduku la kura alijua pia jinsi ya kulitumia kuwabana wengine.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, alitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, lakini swali la aliyemtuma halikujibiwa mahakamani. Siku ya misa ya wafu katika kanisa kuu la Holy Family kulizuka fujo na polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi. Watu wa Kaloleni na wa Bahati, waliopiga kura pamoja miaka minane tu iliyopita, sasa walitazamana kwa jicho la shaka. Mboya akazikwa Rusinga.

Argwings-Kodhek alikuwa ametangulia: alifariki Januari ya mwaka huo huo katika ajali ya gari jijini, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Dkt. Waiyaki naye alikuja kuishika wizara hiyo tangu 1974, na akaishi hadi 2017.